Kifungo cha Tano

Wamemfungua Ijumaa, saa tisa alasiri.
Daima Ijumaa.
Kana kwamba kuna mtu hukaa na kalenda
akaitafuta siku ambayo zahanati hufunga mapema
na giza la Desemba huwahi kuliko basi.

Nimesimama ng'ambo ya lango na chupa ya chai,
theluji imenifika vifundoni.
Kwa mbali, kilima cha majivu ya mgodi
ambacho watoto wa Kohtla-Järve hukiita mlima
kwa kuwa hawana mwingine.

Rostislav anatoka na mfuko wa plastiki.
Koti ni lile lile la kiangazi alilokamatwa nalo:
vifungo vinne, cha tano hakipo.
"Umechelewa," ananiambia,
nami nipo pale tangu saa sita.

Ya mfukoni mwake nayajua bila kuambiwa:
noti mbili, karatasi ya kuripoti,
na namba ya simu isiyoandikwa popote.
Namba hiyo niliwahi kuwa nayo mimi pia.
Tarakimu zake bado naziota kwa mpangilio.

Nikimwambia "jihadhari," nitakuwa padri.
Nikinyamaza, mchimba kaburi.
Basi namsimulia habari za Andrus,
aliyetoka lango hili hili mwezi Machi
akajipimia kwa kipimo chake cha zamani.
Mwili ulikwisha kusahau.
Mkono ulikumbuka.
Walimkuta chooni, stendi ya basi,
viatu vyake vipya bado vina karatasi ya bei.

"Andrus yupi? Yule wa kinanda?"
"Huyo huyo."
Hatusemi tena mpaka mjini.

Kituo chetu kilikuwa duka la viatu.
Rafu zimebaki; juu yake tumepanga
vikombe, sataranji yenye farasi pungufu,
na sindano safi, maana hatudanganyani.
Bi Hilja wa ghorofa ya pili
aliandika barua tatu tufukuzwe.
Ya nne ilishuka na mtungi wa kabichi ya siki.
Hakueleza. Hatukuuliza.

Nesi Zinaida alipaswa kufunga saa kumi.
Saa kumi na mbili kasorobo yupo, koti mabegani,
anasema anatafuta funguo.
Funguo anazo mkononi.

Anamhoji, anampima, anamhoji tena,
kisha anammiminia methadoni kidogo, ya mtu anayeanza,
kwenye kikombe kama cha dawa ya kikohozi ya mtoto.
"Kunywa mbele yangu. Sasa taja jina lako."
Analitaja lote, pamoja na la baba yake,
kama mbele ya hakimu.
"Dawa nimeacha, dawa nimeanza," anasema, anacheka peke yake.
"Chumvi nyeupe, sukari nyeupe," Zinaida anamjibu,
"ulimi ndio unaojua."
Anampa na chupa ya kupuliza puani:
"Hii si yako. Ni ya atakayekuwa nawe.
Usikae peke yako."

Hapo ndipo anapoliona koti.
Analeta kopo la biskuti lililojaa vifungo,
anachagua cha kijani, kisichofanana na wenzake.
"Kifungo tena?" anauliza Rostislav.
"Hiki unakifungua mwenyewe."

Ningependa kuishia hapo.
Lakini kulikuwa na Jumamosi.
Usiku nilisikia mlango wa chini, hatua,
kisha kimya cha theluji, kile kinachosikika.
Nililala na simu kifuani.
Sikumfuata. Mimi nami nina miaka sita tu,
na namba ile inanijua kwa sauti.

Jumatatu alikuja saa nne badala ya saa mbili,
macho mekundu, midomo imepasuka kwa baridi.
Chupa ya puani ilikuwa mfukoni, haijafunguliwa.
Sikuuliza alikolala.
Kifungo cha kijani kilining'inia kwa uzi mmoja.

Zinaida alimtazama, akalitazama koti,
akavuta droo kutafuta sindano,
ile ya kushonea.